Sheikh Ahmed Nabhany na usomaji wa tenzi za Lamu

Mtaje Sheikh Ahmed Nabhany mbele ya mtu aliyesoma Kiswahili katika shule za Kenya, na neno la kwanza utakalojibiwa huenda likawa "runinga". Ndiye aliyeliunda. Anayejua zaidi ataongeza "rununu", la simu ya mkononi, na pengine "ngamizi", alilolipendekeza kwa kompyuta. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo. Sina ugomvi na sifa hiyo, maana anaistahili. Linaloniuma ni kwamba imeifunika kazi yake iliyo kubwa zaidi, nayo ni kusoma.

Nabhany alikuwa miongoni mwa watu wachache waliobaki katika karne ya 20 ambao wangeweza kushika mswada wa kale wa Lamu au Pate, wakausoma kwa mahadhi yake, wakalifafanua neno moja moja, kisha wakakueleza jinsi kitu kilichotajwa kilivyotengenezwa na kutumiwa. Kwa msomaji wa leo, aliyezoea kufungua kitabu na kusoma tu, huenda hilo likaonekana jambo jepesi. Ni zito mno, na uzito wake ndio ninaotaka kuueleza hapa.

Alizaliwa mwaka 1927 Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi katika kisiwa cha Lamu. Alilelewa na bibi yake, mwanamke aliyezijua tungo, na kwake ndiko alikoanzia kujifunza ushairi. Baadaye aliishi Mombasa miaka mingi, akiandika, akifundisha na kupokea wageni waliokuja kumuuliza. Alifariki mwaka 2017.

Nimemtaja bibi kwa makusudi. Tukizungumza juu ya wanazuoni wa pwani huwa tunawaza misikiti, madrasa na vitabu vya Kiarabu, yaani dunia ya wanaume. Lakini tenzi za Lamu zilikaa sana majumbani, mikononi mwa wanawake. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ni wasia wa mama kwa binti yake, na wanawake waliufundishana, wakaunakili na kuuhifadhi kwa moyo kizazi baada ya kizazi. Mtoto aliyelelewa katika nyumba kama hiyo alizisikia tungo kabla hajajua kuzisoma. Alipokuja kuyaona maandishi, sauti ilikuwa imeshatangulia masikioni mwake. Hilo lina maana kubwa, kama tutakavyoona.

Miswada ipo, basi tatizo ni nini?

Mtu anaweza kuuliza swali la haki kabisa: tenzi hizi si zimehifadhiwa? Zimehifadhiwa. Kuna makusanyo makubwa London, katika maktaba ya SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika. Kuna mengine Ujerumani, ukiwemo mswada wa Utendi wa Tambuka, utungo wa Bwana Mwengo wa Pate wa mwaka 1728. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hazina yake, ambayo katalogi yake iliandaliwa na J.W.T. Allen na kuchapishwa mwaka 1970. Humo mna miswada na kanda za sauti pia. Kabla ya hapo, Muhammad Kijuma wa Lamu, mshairi, mwanamuziki na fundi wa kuchonga aliyefariki mwaka 1945, alikuwa amewanakilia tungo nyingi wataalamu wa Ulaya kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Karatasi basi hatukukosa.

Kinachokosekana ni mambo yasiyoandikika kwenye karatasi. Njia fupi ya kuyaona ni kuchukua ubeti mmoja na kuukalia. Huu unatoka katika Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, ambamo mshairi anauonya moyo wake kwa kuuonyesha majumba ya mji yaliyokuwa na fahari na sasa ni magofu:

Madaka ya nyumba ya zisahani
sasa walaliye wana wa nyuni
bumu hukoroma kati nyumbani
zisiji na koti waikaliye

Msomaji wa Dodoma, Nairobi au hata Mombasa atayashika maneno kadhaa: nyumba, sasa, wana, hukoroma. Atahisi huzuni iliyomo. Ila picha yenyewe itampita.

Anza na "zisahani". Hivyo ni visahani. Kiamu, yaani lahaja ya Lamu, na lahaja za jirani husema "zi" pale Kiswahili sanifu kinaposema "vi". Hilo ni rahisi. "Nyuni" ni ndege, na "bumu" ni bundi; "zisiji" na "koti" nao ni ndege. "Walaliye" ndilo linalohitaji subira. Lahaja za kaskazini zimehifadhi njia ya kale ya kuonyesha tendo lililokwisha kutendeka, kwa kubadili mwisho wa kitenzi badala ya kutia "me" katikati. Anayelala, akishalala, "ulele". Wanaolalia mahali "walaliye". Hivyo mshairi hasemi kwamba makinda ya ndege yanapita pale siku mojamoja. Anasema yamekwisha kufanya makazi. Mstari wa mwisho unafunga kwa namna hiyo hiyo, "waikaliye", wamekwisha kukaa, wamepata kwao. Mwenye nyumba amehama duniani, ndege amehamia.

Sasa "madaka". Hapa kamusi inaweza kukwambia ni matundu ya ukutani ya kuwekea vitu, na haitakuwa imekosea. Lakini mtu aliyeingia katika nyumba ya mawe ya Lamu anajua jambo jingine. Katika vyumba vya ndani kabisa vya nyumba za wakwasi, ukuta mzima ulinakishiwa kwa chokaa na kupangwa vidaka safu juu ya safu, na humo ziliwekwa sahani na bakuli za kauri, nyingi zikiwa zimetoka Uchina kwa njia ya bahari. Huko ndiko mahali pa heshima, mgeni wa barazani hafiki. Sahani zile hazikuwa za kulia chakula. Zilikuwa tangazo la ukoo: hawa wana vyombo baharini, wana jamaa ng'ambo, wana mali ya kukaa. Kwa hiyo mshairi anaposema kwamba kinda la ndege limelala pale palipokuwa na sahani, anatuingiza mpaka chumba cha ndani ambacho zamani tusingeruhusiwa kukiona, na anatuonyesha kwamba hakuna tena wa kutuzuia. Uchungu wa ubeti umo humo. Usipoijua nyumba, hutaupata.

Halafu pima mizani. Ma-da-ka-ya-nyu-mba: sita. Ya-zi-sa-ha-ni: tano. Kila mstari umekatwa hivyo, sita kwa tano. Vina vya mistari mitatu vinaoana kwa "ni", na wa nne unaishia kwa "ye". Beti zote za utungo mzima zinashuka kwenye "ye" hiyo hiyo. Ukiusoma kimya huoni umuhimu wake. Ukisomwa kwa sauti, kila ubeti unarudi kwenye pigo lile lile, na msikilizaji anaanza kuliogopa kabla halijafika.

Mambo manne basi yamekutana katika mistari minne: lahaja, sarufi ya kale, nyumba na sauti. Mtaalamu wa isimu anaweza kukupa mawili ya kwanza. Mtaalamu wa mambo ya kale atakupa la tatu. Nabhany alikuwa nayo yote, na hakuyapata sehemu nne tofauti. Aliyapata pamoja, kwa kuishi.

Hati iliyomtegemea msomaji

Bado hatujafika kwenye fundo gumu kuliko yote. Beti hizi hazikuandikwa kwa herufi hizi unazozisoma. Ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu, na hati ya Kiarabu katika umbo lake la kawaida ina herufi 28 na alama tatu za irabu: fatha, kasra na dhamma. Kiswahili kina irabu tano, na kina sauti ambazo Kiarabu hakina, kama vile "p", "v", "ch", "g" na "ng'". Wanakili wa pwani waliishi na upungufu huo kwa karne nyingi. Be iliandika "b", na pia "p", na mara nyingi "mb". Kasra ilisimama mahali pa "i" na "e". Dhamma ilibeba "u" na "o".

Tazama matokeo yake. Andika be na fatha, kisha te na fatha. Unaweza kusoma "bata". Unaweza kusoma "pata". Unaweza pia kusoma "mbata", ile nazi iliyokauka. Katika barua ya biashara muktadha utakutoa. Katika ushairi, ambapo mtunzi anatafuta hasa neno usilolitarajia, muktadha unaweza kukupoteza.

Mfano mwingine, kutoka utungo uo huo wa Al-Inkishafi. Kuna ubeti ambao mistari yake mitatu inaishia kwa maneno "tame", "wengeme" na "ukeme". Katika hati ya Kiarabu yote matatu yanaishia kwa mim yenye kasra. Je, ni "me" au ni "mi"? Kina hakikusaidii, kwa sababu ukibadilisha kimoja na vyote vinabadilika, na ubeti unabaki na vina safi kwa njia zote mbili. Lazima awepo mtu anayelijua angalau neno moja kati ya hayo, aliyelisikia likitamkwa. Anayejua kwamba "ukeme" ni kelele, ukelele, ameshapata jibu la ubeti mzima: basi ni "tame", mahali palipohamwa, na "wengeme", wamening'inia, akisemewa popo na makinda yake huko "iyu", yaani juu. Neno moja likipotea, matatu yanayumba.

Ndiyo maana naona si sawa kuufikiria mswada wa kale kuwa ni hifadhi inayojitosheleza. Aliyeuandika alimwandikia mtu aliyekwishaujua utungo, au aliyekaa karibu na anayeujua. Maandishi yalikuwa ya kukumbusha. Wakati kila mtaa ulikuwa na wajuzi wake, mfumo huu ulifanya kazi vizuri, na sioni haja ya kuudharau. Ulianza kuvunjika wajuzi walipopungua.

Walipungua kwa sababu zinazojulikana. Pate ilidhoofika, na baada ya vita vya Shela mwanzoni mwa karne ya 19 mizani ya nguvu kwenye visiwa vile iliinama upande wa Lamu, kisha Zanzibar ikazimeza zote mbili kwa biashara na siasa. Karne iliyofuata serikali za kikoloni zilihitaji Kiswahili kimoja cha shule na ofisi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ukachagua Kiunguja kuwa msingi, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisanifu. Hati ya Kirumi ikashika shule. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliendelea kuandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu katika magazeti yake ya Mombasa, Sahifa na Al-Islah, miaka ya 1930, lakini watoto walikuwa wakielekea upande mwingine. Ndani ya vizazi viwili, kijana wa Lamu aliyepita shule vizuri angeweza kushindwa kuusoma wasia wa bibi yake mwenyewe.

Sambo ya Kiwandeo

Nabhany hakukaa na tungo za wengine tu. Alitunga, na alichokitunga kinaonyesha alivyolielewa tatizo. Mwaka 1979 huko Leiden, Uholanzi, kulichapishwa utungo wake Sambo ya Kiwandeo, chini ya uhariri wa Gudrun Miehe na Thilo Schadeberg. Sambo ni chombo, jahazi. Kiwandeo ni jina la kishairi la kisiwa cha Lamu.

Ukiusoma kwa kutafuta kisa, utachoka mapema. Hakuna shujaa, hakuna vita. Kuna jahazi linaloundwa, na mshairi analifuata chombo hicho kwa uangalifu wa fundi: mbao, sehemu za chombo, zana, kazi za watu, vifaa vya safari. Kila kitu kinatajwa kwa jina lake. Mtu anayejua majahazi anajua orodha hiyo inavyoweza kuwa ndefu: mkuku unaolazwa kwanza, mataruma yanayotengeneza mbavu, fashini ya nyuma inayobeba usukani, kalafati inayozibwa kati ya mbao, mlingoti, foromali inayoshika tanga. Na hayo ni yale ambayo hata sisi wa mbali tunayo masikioni. Kila fundi ana mengine ambayo hayajaingia katika kamusi yoyote.

Kwa nini aitungie beti orodha kama hiyo? Nafikiri jibu liko Matondoni. Mtoto aliyekua kati ya mafundi aliona maneno yakitumika siku nzima, kwa sauti, mikono ikiwa kazini. Kisha aliona injini zikija, vyombo vya kisasa vikija, na vijana wakienda kutafuta kazi nyingine. Mafundi hawakuwa na kamusi. Kamusi yao ilikuwa kazi, na kazi ilipopungua maneno yalikosa mahali pa kukaa. Nabhany akayapa mahali. Alijua kutokana na malezi yake kwamba neno lililofungwa kwa vina na mizani halitoki kichwani kirahisi, na likikosewa sikio linalalamika. Hivyo ndivyo tungo zilivyokuwa zimemfikia yeye mwenyewe. Alitumia njia ile ile kupeleka mbele kitu ambacho hakuna mshairi wa kale aliyeona haja ya kukipeleka, kwa kuwa enzi zao kila mtu alikijua.

Aliufanyia mnazi jambo kama hilo, katika Umbuji wa Mnazi: mti, sehemu zake na faida zake. Wapo wanaoziona tungo hizi kuwa kavu, kwamba ni maarifa zaidi kuliko ushairi. Siwalaumu, kwa sababu shule imetufundisha kuutafuta ushairi katika hisia za mtunzi. Lakini upwa wa Waswahili umekuwa na ushairi wa kufundisha tangu zamani: wa dini, wa adabu, wa tiba, wa safari. Anayeusoma Sambo pamoja na hizo ataona umekaa mahali pake kabisa. Kwangu mimi ni miongoni mwa mambo ya ujasiri yaliyofanywa katika ushairi wa Kiswahili wa karne iliyopita, kwa sababu unaamini kwamba jina la kipande cha mbao linastahili heshima ya ubeti.

Kazi ya pamoja

Ni rahisi kumwandika Nabhany kana kwamba alisimama peke yake. Haikuwa hivyo. Nusu karne kabla ya ukoloni kukisanifu Kiswahili, Mombasa ilikuwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890. Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mvita wa zama za utawala wa ukoo wa Mazrui, alikuwa amekufa yapata miaka 50 kabla yake, na mashairi yake yalikuwa yametawanyika katika vinywa vya watu. Mwalimu Sikujua aliyakusanya, akayaandika na kuyafafanua kwa ajili ya mmishonari W.E. Taylor. Kutokana na karatasi hizo Hichens alichapisha diwani ya Muyaka mwaka 1940, na Mohamed Abdulaziz akaja na toleo lake la kitaalamu mwaka 1979. Mashairi ya Muyaka yamejaa mafumbo ya siasa za siku zake: nani aliandama na nani, nani alimgeuka nani, nani alipigwa wapi. Bila mtu aliyeuliza mapema, wakati waliomjua Muyaka au wana wao wangali hai, leo tungekuwa na vina vizuri visivyo na habari.

Jina la Mwalimu Sikujua halitajwi sana. Ni jambo linalojirudia katika historia hii: jina la juu ya jalada ni la mhariri, na mjuzi aliyempa maana anapewa shukrani katika utangulizi. Nabhany kwa bahati njema aliishi hadi wakati desturi hiyo ilipoanza kubadilika. Kitabu cha nyimbo za Liyongo, shujaa na mshairi wa masimulizi ya pwani, kilichotoka Köln mwaka 2004 kiliandaliwa na kundi lililokuwa na Waswahili wengi wenye ujuzi wa ndani: Nabhany, Abdilatif Abdalla, Ahmad Nassir Juma Bhalo, Mohamed Abdulaziz, Farouk Topan, Said Khamis na Yahya Ali Omar miongoni mwao, wakiwa pamoja na Gudrun Miehe na wenzake. Majina yao yote yamo, kama waandishi.

Nyimbo za Liyongo zilihitaji kundi la aina hiyo. Fumo Liyongo mwenyewe ni mtu ambaye wataalamu wameshindwa kukubaliana aliishi karne gani. Nyimbo zinazohusishwa naye zimepita katika vinywa na mikono mingi, na nakala zake hazilingani. Neno moja linaweza kuandikwa namna tatu katika miswada mitatu, na kila namna ikawa na maana. Hapo mjuzi mmoja, hata awe nani, huweza kulishikilia neno alilofunzwa na mzee wake. Mjuzi wa Mvita atalisikia hivi, wa Lamu atalisikia vile. Wakikaa pamoja na nakala zote mbele yao, wanalazimika kutoa sababu. Pale wasipoafikiana, msomaji anaonyeshwa njia zaidi ya moja. Naupenda uaminifu wa namna hiyo kuliko toleo lililosafishwa mpaka mashaka yote yamefutika.

Runinga, tena

Sasa tunaweza kurudi kwenye lile neno, kwa sababu linaeleweka vizuri zaidi ukijua aliyeliunda alikuwa msomaji wa aina gani. Nabhany alilitoa "runinga" katika maneno mawili: "rununu", habari inayovuma kutoka mbali, na "maninga", yaani macho. Ni habari ya mbali inayoonekana. "Maninga" si neno la sokoni. Ni la ushairi wa kale, na anayelikuta leo hulikuta katika tungo. Mtu asiyezisoma asingekuwa nalo akilini la kulichomoa.

Msimamo wake ulikuwa kwamba Kiswahili kikihitaji neno jipya, kitafute kwanza nyumbani: katika lahaja zake, katika tungo zake, katika ndimi za mafundi na mabaharia, ndipo kielekee kwa lugha ndugu za Kibantu na kwingineko kabla ya kukopa mbali. Mapendekezo yake mengi aliyakusanya katika Kandi ya Kiswahili. Baadhi yalikubalika. Runinga iko magazetini, na "simu ya rununu" utaisikia kwa watangazaji wa Kenya. Mengine hayakutoka mbali. "Ngamizi" imeshindwa na "kompyuta" karibu kila mahali. Wapo waliomlaumu kwamba anaivuta lugha ya watu wengi irudi kwenye lahaja ya kisiwa kimoja. Lawama hiyo ina uzito wake, kwani lugha inayosemwa kutoka Lamu hadi Lubumbashi haiwezi kungoja ruhusa ya mtu mmoja au mji mmoja, na wasemaji ndio wanaoamua.

Hata hivyo, ukihesabu tu maneno yaliyopita na yaliyokwama, umempima kwa kipimo kidogo. Kila neno alilolipendekeza lilikuwa pia njia ya kusema: tazameni, hiki bado kiko katika lugha yenu, hamjakipoteza. Aliyelikataa "ngamizi" bado alipata nafasi ya kujua kwamba kuna ghala nzima la msamiati nyuma ya Kiswahili cha shuleni.

Na Lamu leo? Mji wa kale wa Lamu uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na kuta zake zinalindwa kwa kiasi. Ushairi nao haujanyamaza. Ustadh Mahmoud Mau, aliyezaliwa mwaka 1952, imamu aliyewahi kuwa mwokaji mikate, ametunga kwa Kiamu tangu miaka ya 1970 juu ya mambo ya leo: malezi ya mabinti, dawa za kulevya, elimu, siasa za mji. Tungo zake zimesambaa kwa sauti, zamani kwa kaseti na sasa kwa simu, na watu wa Lamu huzijua kwa kuzisikia kabla ya kuziona, kama Nabhany alivyozijua tungo za bibi yake.

Tungo za Mau zimechapishwa kitabuni na Brill, kampuni ya uchapishaji ya Uholanzi, pamoja na tafsiri na maelezo, kazi iliyoongozwa na Annachiara Raia na Clarissa Vierke. Miswada na vitabu vya maktaba yake navyo vimepigwa picha na kuhifadhiwa kidijitali. Mswada ukipigwa picha bila msomaji, fundo la kasra na dhamma linabaki pale pale hata picha iwe safi namna gani. Safari hii mambo yamekwenda vingine: mtunzi alikuwa hai, akaulizwa maana ya neno, tukio lililoleta ubeti, na mtu aliyekuwa akisemwa, naye akajibu mwenyewe.